Antena, Mawimbi na Mionzi: Istilahi za Uundaji wa Taswira ya Mwili kwa Mikrowevu

Utangulizi

Neno "mionzi" ni miongoni mwa maneno ya hospitali yaliyoenea sana katika Kiswahili cha leo. Aendaye kupigwa eksirei huambiwa habari za mionzi. Mwenye saratani huandikiwa tiba ya mionzi. Na mlangoni mwa chumba chenye mitambo hiyo hubandikwa alama ya kuwaonya watu, hasa wanawake wenye mimba. Kwa hiyo neno hili limekwisha kubeba maana mbili kwa pamoja: maana ya kitu kisafiricho kutoka katika chombo hadi mwilini, na maana ya hatari.

Kwa muda wa miaka mingi sasa wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu mitambo ya namna nyingine, inayochunguza titi au kichwa cha mgonjwa kwa kutumia mikrowevu. Mawimbi hayo ni ya jamaa moja na mawimbi ya redio na ya simu za mkononi. Hayafanyi kazi kama eksirei, wala hatari yake si ile ya eksirei. Lakini mara nyingi huelezwa kwa neno lile lile, "mionzi". Mama aitwaye kufanyiwa uchunguzi kwa mtambo wa namna hiyo ana haki ya kujua anachokubali au anachokataa. Naye hawezi kujua ikiwa vitu viwili vilivyo mbali kwa tabia vimevikwa jina moja.

Makala hii ina makusudi mawili. La kwanza ni kueleza, kwa Kiswahili, jinsi antena za mitambo hiyo zinavyobuniwa na kwa sababu gani. La pili ni kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mhandisi, daktari na mgonjwa kuelewana. Tumeanza na maelezo ya kazi ya kitu chenyewe, kwa kuwa istilahi ichaguliwayo kabla ya kitu kueleweka aghalabu hupotosha.

1. Wimbi, marudio na urefu wa wimbi

Wimbi la sumakuumeme ni msukosuko wa nguvu ya umeme na ya sumaku unaosafiri. Katika ombwe huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia katika sekunde moja hupimwa kwa hezi, na umbali wa kutoka kilele kimoja hadi kilele kifuatacho ni urefu wa wimbi. Idadi ya kwanza ikizidi, urefu hupungua. Wimbi la gigahezi 1, yaani lijirudialo mara milioni elfu moja kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 30 hewani. La gigahezi 10 lina urefu wa sentimita 3.

Hapa pana tatizo la kwanza la istilahi. Watangazaji wa redio wamezoea kusema "masafa ya kati" na "masafa mafupi", wakikusudia urefu wa mawimbi. Lakini wengine husema "masafa" wakikusudia idadi ya kujirudia. Mambo hayo mawili huenda kinyume, moja likipanda jingine hushuka. Hivyo neno moja haliwezi kuyatumikia yote mawili bila ya kuleta fujo. Tunapendekeza "marudio" kwa idadi ya kujirudia, na "urefu wa wimbi" kwa ule umbali. "Masafa" na libaki na maana yake ya asili, yaani mwendo wa kutoka mahali hadi mahali.

Mikrowevu kwa kawaida huhesabiwa kuwa mawimbi yenye marudio yaliyo kati ya megahezi 300 na gigahezi 300. Mitambo ya uchunguzi wa mwili hutumia sehemu ya chini tu ya eneo hilo, aghalabu isiyozidi gigahezi 10 hivi, kwa sababu tutakayoieleza.

2. Jinsi mikrowevu inavyopambanua tishu

Wimbi liingiapo katika kitu hupunguza mwendo. Kiasi cha kupungua hutegemea jinsi molekuli za kitu hicho zinavyoitikia nguvu ya umeme ya wimbi. Maji huitikia sana, kwa kuwa molekuli yake ina upande wa chaji chanya na upande wa chaji hasi. Mafuta huitikia kidogo. Mwitiko huo tutauita "kipimo cha dielektriki". Kwa marudio ya gigahezi 2 hadi 3, kipimo hicho ni 1 kwa hewa, karibu 5 kwa mafuta ya mwili, karibu 38 kwa ngozi, zaidi kidogo ya 50 kwa misuli, na karibu 78 kwa maji ya kawaida. Mwendo wa wimbi ndani ya kitu hupatikana kwa kugawanya mwendo wake wa ombweni kwa kipeuo cha pili cha kipimo hicho.

Mahali ambapo tishu mbili zenye vipimo tofauti zinakutana, sehemu ya wimbi hurudi nyuma, kama sauti irudivyo kwa mwangwi ikikuta ukuta. Uvimbe wa saratani una maji mengi, na titi lina mafuta mengi. Kwa hiyo ilitumainiwa tangu mapema kwamba uvimbe ungetoa mwangwi ulio wazi. Uchunguzi mkubwa wa vyuo vikuu vya Wisconsin cha Marekani na Calgary cha Kanada, uliotangazwa mwaka 2007, ulilipima jambo hili kwa vipande vya tishu vilivyopatikana katika upasuaji. Ulionyesha kwamba tofauti kati ya saratani na mafuta yaweza kufikia mara kumi, ila tofauti kati ya saratani na tishu za tezi zilizo nzima yaweza kuwa ndogo hata kufikia asilimia 10 tu. Maana yake ni kwamba mwangwi unaotafutwa ni dhaifu, na mzigo mkubwa wa kazi umeangukia antena.

3. Antena: neno na kazi yake

Antena ni chombo kigeuzacho umeme uendao katika waya kuwa wimbi liendalo nje ya waya, na tena hugeuza wimbi lifikalo kuwa umeme wa kwenye waya. Antena ile ile hurusha na kupokea. Kwa sababu hii majina kama "kinasa mawimbi" hayafai kuwa istilahi, kwa kuwa yanataja nusu ya kazi tu. Na "waya wa redio" halifai kwa kuwa antena nyingi za siku hizi si waya.

Historia ya neno lenyewe ina funzo kwa wasomaji wa pwani. Katika Kilatini antena ilikuwa boriti ya kutundikia tanga la chombo, yaani foromali. Baadaye wanazuoni wa Ulaya walilitumia kwa vipapasio vya kichwani mwa mdudu, na mwishoni mafundi wa redio wakalichukua kwa chombo chao. Basi lingewezekana kudai kwamba Kiswahili nacho kitumie "foromali". Hatupendekezi hivyo. Foromali ingali neno hai kwa mabaharia wetu, na "antena" imekwisha kuzoeleka mijini na vijijini, ikiingia bila ya taabu katika ngeli: antena hii, antena hizi. Neno lililokwisha kupata wenyeji lisiondolewe kwa ajili ya usafi wa nasaba.

4. Masharti ya antena ya uchunguzi wa mwili

Antena ya redio hutuma mawimbi hewani kwa msikilizaji aliye mbali. Antena ya uchunguzi wa mwili hutuma wimbi ndani ya nyama, kwa umbali wa sentimita chache, kisha husikiliza mwangwi. Tofauti hiyo huleta masharti matano.

(a) Kuvuka ngozi. Wimbi litokalo hewani likiigonga ngozi, zaidi ya nusu ya nguvu yake hurudi nyuma kabla ya kuingia, kwa kuwa kipimo cha hewa na cha ngozi vimeachana mno. Dawa yake ni kuijaza nafasi iliyo kati ya antena na ngozi kwa kitu chenye kipimo kinachokaribiana na cha mwili. Mgonjwa wa kipimo cha mawimbi ya sauti hupakwa utelezi tumboni kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Kitu hicho tunapendekeza kiitwe "kiunganishi", na kikiwa cha majimaji, "kiowevu unganishi".

(b) Udogo. Ukubwa wa antena hufuata urefu wa wimbi. Antena ya nusu wimbi kwa gigahezi 1 ina urefu wa sentimita 15 hewani. Haiwezekani kupanga nyingi za namna hiyo kulizunguka titi. Lakini ikizamishwa katika kitu chenye kipimo cha dielektriki cha 9, wimbi hufupika mara tatu, na antena hutosha kuwa ya sentimita 5. Njia hii ilionyeshwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Jacobi na Larsen, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Walter Reed ya jeshi la Marekani. Walitumia antena zilizozamishwa majini na kuipata taswira ya figo ya mbwa kwa gigahezi 3.9. Wimbi ambalo hewani lingekuwa na urefu wa karibu sentimita 8, majini lilifupika likawa chini ya sentimita 1.

(c) Upana wa ukanda. Mtu akitaka kujua mwangwi umetoka kina gani, sharti apige pigo fupi. Na pigo fupi lina marudio mengi ndani yake. Eneo la marudio ambalo antena hulihudumia vyema tunaliita "ukanda", na ukubwa wa eneo hilo "upana wa ukanda". Tuchukue antena yenye ukanda wa gigahezi 3 hadi 8, yaani upana wa gigahezi 5, na tishu yenye kipimo cha 9. Hesabu huonyesha kwamba vitu viwili vilivyoachana kwa kina cha sentimita 1 hivi huweza kupambanuliwa. Upana ukipunguzwa kuwa gigahezi 1, kiasi hicho huwa sentimita 5, na uvimbe mdogo hauwezi kutengwa na jirani zake. Uwezo huo tunauita "upambanuzi". Hata hivyo mbuni hawezi kupandisha marudio apendavyo, kwa kuwa kadiri yanavyopanda ndivyo mwili unavyozidi kulimeza wimbi. Kina huvutana na upambanuzi, na ukanda uchaguliwao huwa ni sulhu baina ya viwili hivyo.

(d) Kunyamaza upesi. Antena isiyobuniwa vyema huendelea kutetemeka kiumeme baada ya pigo kwisha, kama kengele iliyogongwa. Mtetemo huo hufunika mwangwi dhaifu wa uvimbe. Tena mwangwi wa ngozi ni mkubwa kuliko wa uvimbe, nao hutangulia. Kwa hiyo antena yatakiwa inyamaze upesi, na hesabu zifanywe ili kuuondoa mwangwi wa ngozi.

(e) Uelekevu na uga wa karibu. Nguvu ya wimbi yafaa ielekezwe kwenye mwili, isimwagike pande zote. Sifa hiyo ni "uelekevu". Lakini vitabu vingi vya redio huielezea sifa hii katika "uga wa mbali", ambapo wimbi limekwisha kutulia umbo. Mgonjwa hukaa katika "uga wa karibu", ambapo umbo la wimbi lingali likibadilika, na mwili wenyewe huibadili tabia ya antena. Ndiyo maana antena hizi hupimwa na kuhesabiwa pamoja na mfano wa mwili, si peke yake.

5. Mifano mitatu ya ubunifu

Katika chuo cha Dartmouth, Marekani, Paul Meaney na wenzake walitangaza mwaka 2000 mtambo uliotumia antena 16 zilizopangwa duara ndani ya chombo cha kiowevu. Mgonjwa alilala kifudifudi, titi likaning'inia katikati ya duara. Antena zenyewe zilikuwa za umbo jepesi kabisa: ncha ya waya iliyochomoza kutoka katika ala yake. Hewani antena ya namna hiyo ina ukanda mwembamba. Lakini kiowevu chenye kuyameza mawimbi kiasi hupanua ukanda wake na kupunguza mwingiliano kati ya antena na antena. Hapa kiowevu ni sehemu ya ubunifu wa antena, si nyongeza yake.

Katika Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, ilifuatwa njia ya bakuli. Antena zilipangwa katika umbo la nusu tufe: kwanza 16, kisha 31, na baadaye 60. Kila antena ilirusha kwa zamu na nyingine zikapokea. Kwa kuwa safari ya kutoka antena ya kwanza hadi ya pili ni sawa na ile ya kurudi, antena 16 hutoa jozi 120, na antena 60 hutoa jozi 1,770. Kila jozi ni ushahidi wa upande mmoja. Wingi wa ushahidi ndio ulipiao udhaifu wa mwangwi.

Njia ya tatu ni ya mtambo uliobuniwa Perugia, Italia, ambao hutumia antena mbili tu zinazozungushwa kulizunguka titi, tena hewani bila ya kiowevu, kwa marudio ya gigahezi 1 hadi 9. Hapa usahili wa matumizi umenunuliwa kwa kukubali hasara ya nguvu ngozini.

Miongoni mwa antena zilizotumiwa sana katika kazi hii ni ile ya Vivaldi, iliyoelezwa na P. J. Gibson mwaka 1979. Ni ubao mwembamba wenye ufa unaoanza kwa udogo na kupanuka polepole mfano wa mdomo wa baragumu. Mawimbi mafupi hutokea mahali penye wembamba, na marefu hutokea mahali palipopanuka. Kwa hiyo antena moja huhudumia ukanda mpana.

6. Picha au taswira?

Wagonjwa husema "kupigwa picha", na kwa eksirei msemo huo haudhuru sana, kwa kuwa kivuli cha mfupa huanguka moja kwa moja juu ya bamba. Kwa mikrowevu mambo si hivyo. Antena hazioni kitu. Huleta orodha ya namba: wimbi lilirudi na nguvu kiasi gani, na baada ya muda gani. Kompyuta ndiyo inayohesabu ni mpangilio gani wa tishu ungeweza kuleta namba hizo. Kwa hiyo tunapendekeza "taswira" na "uundaji wa taswira": picha hupigwa, taswira huundwa.

Tofauti hii si ya mapambo. Watafiti wa Göteborg, Sweden, walitangaza mwaka 2014 majaribio ya kuweka antena kichwani mwa mgonjwa wa kiharusi ili kutambua kama mshipa wa ubongo umepasuka au umeziba. Jambo hilo ni la uhai na mauti, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humdhuru anayevuja damu. Katika kazi yao kompyuta ililinganisha namba za mgonjwa na za wagonjwa waliotangulia, ikatoa jibu bila ya kuchora chochote. Neno "picha" lingekuwa uwongo hapo.

7. Mionzi au mawimbi?

Sasa twaweza kurudi kwenye neno tuliloanza nalo. Eksirei ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni katika atomi, yaani kuionisha, na hivyo yaweza kuharibu chembechembe za uhai. Nishati ya fotoni moja ya mikrowevu ya gigahezi 10 ni ndogo zaidi ya mara laki mbili kuliko ile inayohitajika kwa kazi hiyo. Athari ijulikanayo ya mikrowevu ni joto, nalo hutegemea nguvu. Oveni ya jikoni hutumia mamia ya wati kwa gigahezi 2.45 ndani ya sanduku lililofungwa. Mitambo ya uchunguzi kwa kawaida hutumia miliwati chache, yaani sehemu za elfu za wati moja.

Wanafizikia wana neno "mnururisho", kutokana na kitenzi nururisha, ambalo lafaa kuwa jina la ujumla. Chini yake tunapendekeza "mionzi" itumike hospitalini kwa ile yenye kuionisha tu, kama eksirei na ya tiba ya saratani. Na kwa mikrowevu isemwe "mawimbi". Muuguzi aweza kusema hivi: "Mama, chombo hiki hutuma mawimbi kama ya redio, yenye nguvu ndogo. Si mionzi ya eksirei. Bado kinafanyiwa majaribio, na hakichukui nafasi ya vipimo vingine ulivyoandikiwa." Sentensi hizo za mwisho zina uzito sawa na zile za kwanza. Istilahi imwondoleayo mtu hofu isiyo na msingi isimpe matumaini yasiyo na msingi, kwa kuwa eksirei na mawimbi ya sauti ndivyo vingali vikitegemewa katika kulichunguza titi.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Antena: chombo kirushacho na kupokea mawimbi ya sumakuumeme.
Kiowevu unganishi: majimaji yawekwayo kati ya antena na ngozi ili wimbi livuke.
Kipimo cha dielektriki: kiasi cha mwitiko wa kitu kwa nguvu ya umeme ya wimbi.
Marudio: idadi ya mara ambazo wimbi hujirudia kwa sekunde.
Mawimbi (hospitalini): mnururisho usioionisha, kama mikrowevu.
Mionzi (hospitalini): mnururisho wenye kuionisha.
Mnururisho: jina la ujumla la nishati isafiriyo kwa mawimbi au chembe.
Safu ya antena: antena nyingi zilizopangwa kufanya kazi pamoja.
Taswira: umbo lililoundwa kwa hesabu kutokana na vipimo.
Uelekevu: sifa ya antena ya kutuma nguvu upande mmoja kuliko mwingine.
Uga wa karibu: eneo lililo jirani na antena, ambapo wimbi halijatulia umbo.
Upambanuzi: uwezo wa kutenga vitu viwili vilivyokaribiana.
Upana wa ukanda: ukubwa wa eneo la marudio ambalo antena hulihudumia vyema.

Istilahi hizi zimetolewa ili zijadiliwe. Wahandisi, madaktari, wauguzi na walimu wa sayansi wanaombwa wazijaribu katika kazi zao, na watakapoona neno linakwaza, walete lililo bora pamoja na sababu zake.